Maandishi mekundu hayazuii wizi

Leo naacha mambo ya programu kidogo, ingawa mtaona kwamba tutarudi huko huko.

Wiki jana mteja wangu mmoja alinipigia simu. Ana duka la jumla lenye matawi matatu, na mfumo wake wa mauzo niliuandika mimi. Alikuwa amepoteza bidhaa na pesa, hajui zilikokwenda, na tayari alikuwa na dawa: niweke onyo kwenye ukurasa wa kuingilia, herufi kubwa, nyekundu, kwamba kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, na kwamba faini inaweza kufika shilingi milioni tano, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili.

"Wakiiona hiyo milioni tano wataogopa," akaniambia.

Nikamwambia nitaweka, ni kazi ya dakika kumi. Kisha nikakaa na hasira siku nzima. Si hasira kwake. Ni kwamba hesabu anayoifanya ndiyo nchi nzima inayoifanya, na mimi nimewahi kuona ikimgharimu mtu asiye na kosa.

Tuanze na nadharia, na wale mnaoijua mnivumilie. Mwaka 1968 mwanauchumi Mmarekani Gary Becker aliandika makala ambayo bado inasomwa hadi leo kuhusu uhalifu na adhabu. Mwenyewe alisimulia, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1992, jinsi wazo lilivyomjia. Alikuwa anakwenda Chuo Kikuu cha Columbia kumtahini mwanafunzi, na amechelewa. Aegeshe gari mahali pa kulipia, au aliache barabarani kinyume cha sheria? Akapiga hesabu ya uwezekano wa kukamatwa, kiasi cha faini na gharama ya maegesho, akaona heri aliache barabarani. Hakukamatwa. Na swali la kwanza alilomuuliza yule mwanafunzi maskini lilikuwa hilo hilo: mvunja sheria anaamuaje, na polisi nao waamueje?

Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, ni mstari mmoja tu wa msimbo. Chukua faida ya kosa. Toa uwezekano wa kukamatwa mara uzito wa adhabu. Kikibaki kitu juu ya sifuri, fanya. Kisipobaki, tulia nyumbani.

Mara ya kwanza niliposoma hayo nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, katika somo la hiari ambalo nililichagua kwa sababu lilianza saa nne asubuhi, na nilifurahi sana. Hatimaye jambo la binadamu lenye fomula! Inachukua muda kugundua kwamba fomula fupi namna hiyo inaweza kukupoteza vizuri sana.

Tazama. Ndani ya fomula hiyo kuna vitu viwili vinavyozidishana, uwezekano na uzito. Kwenye karatasi ni sawa tu ukiongeza kimoja au kingine. Tuseme keshia anaiba shilingi 2,000 kwa siku, na nafasi ya kukamatwa siku hiyo ni moja kwa 5,000. Ukimtisha kwa milioni tano, "bei" ya wizi wake ni shilingi 1,000. Bado ana faida. Ukipandisha iwe milioni kumi, bei inafika 2,000 na wizi unakoma. Rahisi! Hakuna kuajiri mkaguzi, hakuna kufunga kamera, Bunge linakaa mchana mmoja na kubadilisha tarakimu. Sasa mnaelewa kwa nini wanasiasa wa kila nchi wanaipenda njia hii. Kuongeza uzito wa adhabu ni bure, angalau siku ya kuutangaza.

Lakini keshia hana milioni tano wala milioni kumi. Mshahara wake ni elfu ishirini na tano. Ukishapita alichonacho mtu, sufuri unazoongeza ni mapambo. Na huyu mtu hajui kwamba nafasi ni moja kwa 5,000. Anajua tu kwamba jana hakukamatwa, na juzi pia.

Hili si jipya. Cesare Beccaria wa Milano aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia uhalifu si ukali wa adhabu bali uhakika wake, na kwamba adhabu ije upesi. Becker naye hakuwa mjinga: katika makala yake alieleza kwamba iwapo wahalifu wanaguswa zaidi na ongezeko la uwezekano kuliko ongezeko kama hilo la adhabu, basi ni watu wanaopenda kubahatisha. Utafiti mwingi uliofuata umeegemea upande huo. Uhakika wa kukamatwa unazuia. Kuongeza miaka juu ya kifungo ambacho tayari ni kirefu kunazuia kidogo mno.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Chicago kuthibitisha. Kifungu cha 296(2) cha Sheria yetu ya Makosa ya Jinai kinasema adhabu ya wizi wa mabavu ni kifo. Na msifikiri ni lazima mtu awe na bunduki. Mkiwa wawili tu, mkamnyang'anya mpita njia simu kwa kumtisha, mmeshaingia humo. Adhabu hiyo imekuwapo tangu miaka ya 1970. Je, mnakumbuka miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, watu wakifunga milango saa moja jioni? Kifo kilikuwa kwenye kitabu wakati wote huo. Aliyenyongwa mwisho Kenya alinyongwa mwaka 1987, tena kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi, wakapewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo tulikuwa na adhabu kali kuliko zote duniani, ambayo haitekelezwi, kwa kosa ambalo anayelitenda anatarajia kutokomea kwenye vichochoro.

Kuna ubaya mwingine humo ambao hauzungumzwi vya kutosha. Kwa miaka mingi kuua na kuiba kwa mabavu vilikuwa na adhabu moja, tena ya lazima. (Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima huo kwa kosa la mauaji.) Hebu jiweke katika viatu vya jambazi mwenye panga ambaye ameshaibeba televisheni, na mwenye nyumba amemtazama usoni. Fomula inamwambia nini? Inamwambia kwamba kumwacha shahidi hai hakumpunguzii adhabu hata chembe, na kumuua kunapunguza uwezekano wa kukamatwa. Beccaria aliliona hilo zamani hizo: adhabu zikilingana, mtu hana sababu ya kubaki kwenye kosa dogo. Sheria iliyoandikwa kumlinda mwenye nyumba ikamweka hatarini zaidi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro mbaya kuliko zote, ile ambayo programu inafanya kazi bila kulalamika na majibu yake ni ya uongo.

Barabarani ni vivyo hivyo. Mnakumbuka Februari 2004, sheria za Michuki? Mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, hakuna kusimama ndani ya matatu. Miezi ya kwanza ilikuwa kama ndoto. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini mama yangu bado anaisimulia: kondakta anambembeleza abiria afunge mkanda! Kilichobadilika mwezi ule si ukubwa wa faini. Ni kwamba ukitoka stendi bila mikanda ulijua unashikwa. Kisha ukaguzi ukalegea, kitu kidogo kikarudi, na abiria wakarudi kuning'inia mlangoni. Mwaka 2012 Bunge likapandisha faini za barabarani kwa kiasi kikubwa. Na hapa fomula inatusaidia kweli, tukiijaza namba za kweli: adhabu ya dereva si ile iliyo kwenye sheria, ni ile anayoilipa. Kama anamalizana na askari kwa noti mkononi, basi hiyo noti ndiyo adhabu, na kupandisha faini kumepandisha bei ya chai tu.

Na zile simu za "umeshinda gari", "nimekutumia pesa kimakosa, naomba unirudishie"? Kwa miaka mingi imeripotiwa kwamba nyingi zilipigwa kutoka ndani ya gereza la Kamiti. Wazia. Mtu ambaye adhabu yake ya mwisho imeshatolewa, anaitumikia, ndiye anayekupigia. Utamtisha na nini? Kilichosaidia zaidi kwa maoni yangu ni mambo madogo yasiyomtisha mtu yeyote: jina la mpokeaji kuonekana kabla pesa hazijaondoka, na utaratibu wa kutuma ujumbe kwa 456 ili kurudisha muamala uliokosewa. Yule anayelia kwamba amekosea unamwambia, haya, tumia 456. Mchezo umeisha.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Miaka mitatu iliyopita niliandika mfumo wa sacco moja, sitaitaja, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa peke yangu na niliionea fahari. Keshia akipokea amana anatoa risiti. Akikosea, anabatilisha muamala, lakini lazima msimamizi aweke neno lake la siri. Kila ubatilisho unaandikwa kwenye daftari la mfumo: nani, lini, kiasi gani. Usalama kamili, nilidhani. Nilikuwa hata nimepanga kwamba mwanachama apate ujumbe mfupi kila muamala wake unapobatilishwa. Ujumbe mmoja ni karibu shilingi moja. Meneja akauliza kama ni lazima, nikasema si lazima sana, nikauweka kwenye orodha ya "baadaye". Maneno hayo ni yangu, hakunilazimisha mtu.

Foleni zilikuwa ndefu. Msimamizi alichoka kuinuka kitini kila dakika tano, akawapa makeshia wote neno lake la siri. Na lile daftari langu zuri la mfumo hakuna aliyelifungua hata siku moja, nikiwemo mimi.

Baada ya mwaka na miezi miwili, mama mmoja muuza mboga alikwenda kutoa karo ya mjukuu aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Mfumo ukasema ana shilingi 41,000. Akasema hapana. Akatoa risiti zake zote, amezifunga kwa mpira ndani ya mfuko wa nailoni. Zikajumlishwa pale kaunta: 67,000. Walimwambia labda amesahau alizowahi kutoa. Akarudishwa nyumbani. Wiki mbili alirudi kila siku na ule mfuko wake, na mtoto akiwa hajaenda shule, hadi nikaitwa niangalie "kama kompyuta ina shida".

Kompyuta haikuwa na shida. Ilichukua nusu saa. Yote yalikuwa kwenye daftari, mstari kwa mstari, keshia mmoja, amana za akina mama wa soko zilizobatilishwa dakika chache baada ya risiti kutoka. Jumla ilikuwa laki nne na ushee.

Keshia yule nilimjua. Ni rika langu. Nilipokuwa nafunga mfumo tulikuwa tunakunywa chai pamoja na alikuwa wa kwanza kuelewa kila kitu. Kabla polisi hawajaja nilimuuliza tu, ilianzaje? Akasema mara ya kwanza ilikuwa kosa la kweli, aliandika 3,000 badala ya 300, akabatilisha. Jioni hakuna aliyemuuliza. Wiki iliyofuata akaona hakuna aliyemuuliza. "Nilijua hakuna anayeangalia," alisema.

Angalia alivyoipata ile namba ya uwezekano. Hakuisoma popote. Aliipima, kama sisi tunavyopima programu, kwa kujaribu na kuona kinachotokea. Na mimi ndiye niliyemwandikia mfumo uliompa jibu la sifuri kila siku kwa miezi kumi na minne. Kesi yake bado inaahirishwa. Sacco ilimlipa yule mama baadaye, lakini mtoto alishapoteza muhula.

Kuna watu watakaoniambia kwamba nazungumza kama kwamba kila mwizi ni mhasibu. Mwenye njaa hapigi hesabu, mlevi hapigi hesabu, mume anayempiga mkewe usiku hapigi hesabu. Nakubali sehemu. Hasira na pombe fomula hii haiziwezi, na anayedai kuua kwa wivu kutaisha tukirudisha kitanzi hajakutana na wivu. Lakini mwenye njaa anapiga hesabu sana tu, tena vizuri kuliko sisi, kwa sababu shilingi yake ina uzito. Derek Cornish na Ronald Clarke waliohariri kitabu kuhusu mhalifu anayefikiri, mwaka 1986, hawakudai kwamba mtu anakaa na kikokotoo. Walisema anaamua kwa haraka, kwa habari pungufu, akiangalia kilicho mbele yake: mlango uko wazi? kuna mtu? nitatokea wapi? Adhabu ya miaka mitano ijayo iko mbali na macho yake. Mlango uko karibu.

Mfano ninaoupenda ni wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 walianza kuwatoza faini papo hapo waendesha pikipiki wasiovaa helmeti. Nia ilikuwa kuokoa vichwa. Lakini wizi wa pikipiki ulishuka kutoka kiasi cha 150,000 mwaka huo hadi kiasi cha 54,000 mwaka 1986. Mwizi wa ghafla, anayeona pikipiki na kuitamani, hatembei na helmeti mkononi, na bila helmeti anasimamishwa kwenye kona ya kwanza. Mngedhani wote walihamia kwenye magari. Wizi wa magari uliongezeka kidogo tu, na wa baiskeli ulipungua. Hakuna aliyeongezewa kifungo hata siku moja.

Na kuna wale wanaosema uhakika tunao tayari mitaani: piga kelele "mwizi!" na uone. Ndiyo, nimeona. Nimeona tairi likiwaka Nairobi nikiwa na umri wa miaka tisa na sijasahau harufu yake. Umati hauna uhakika wowote. Unamshika anayekimbia, na mara nyingine anayekimbia ni yule aliyeogopa kelele. Ile ni adhabu kubwa mno juu ya uwezekano wa kubahatisha, pamoja na kuwaua wasiohusika. Na bado simu zinanyakuliwa kila siku kwenye barabara zile zile.

Nisiwadanganye pia kwamba uhakika na upesi ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2004 jaji Steven Alm wa Honolulu alianza mpango wa kuwafunga siku chache tu, lakini mara moja na bila kukosa, watu walio chini ya uangalizi wa mahakama waliokutwa wametumia dawa za kulevya. Matokeo ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Mpango uliporudiwa katika majimbo manne ya Marekani, ripoti ya 2016 haikuona tofauti ya maana. Anayesafirisha msimbo kutoka seva moja hadi nyingine analijua hilo. Kilichofanya kazi kule huenda kilikuwa kitu ambacho hukukinakili.

Kwa hiyo sina nadharia ya kuuza. Nina swali moja tu ninaloliuliza siku hizi kabla ya kukubali kazi yoyote: nani atakayeona, na ataona lini? Kama jibu ni "yote yanaandikwa kwenye mfumo", hakuna atakayeona.

Yule mteja wa duka nilimwandikia barua pepe ndefu. Nikampendekezea mambo matatu: kila keshia awe na neno lake la siri na lile la msimamizi libadilishwe kila wiki, mauzo yanayofutwa yaonekane kwenye skrini inayomtazama mnunuzi, na kila saa mbili usiku ripoti fupi ya vilivyofutwa iende kwenye simu ya mtu mmoja asiyefanya kazi katika tawi hilo. Nikapiga na hesabu: meneja akiisoma kweli, nafasi ya keshia kukamatwa siku hiyo inakuwa kama moja kwa mbili, na kumfukuza kazi tu kunatosha. Milioni tano haihitajiki.

Jana alinijibu kwa ujumbe mfupi. Weka kwanza yale maandishi, hayo mengine tutaongea mwisho wa mwezi.

Nimeyaweka. Mekundu, herufi kubwa, kama alivyotaka. Ile ripoti ya saa mbili usiku pia nimeshaiandika, bila kumtoza. Nangoja tu anipe namba ya simu ya mtu wa kuipokea.